Kitanda Nilichomtengenezea Luteni

Mwanamume niliyemwonea wivu kuliko wote amelala Nyegezi, hapa Mwanza, hatua chache kutoka jikoni kwa mama yake. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Nilifukia kwa koleo mpaka viganja vikatoka malengelenge, na watu wakasema, mwangalieni, huyo ndiye rafiki wa kweli. Hawakukosea. Nilikuwa rafiki yake wa kweli, na nilikuwa namwonea wivu, na siku ile ya mazishi nilirudi nyumbani na vyote viwili.

Mtaani walimwita Luteni, na mimi nitamwita hivyohivyo. Nilimjua kabla ya hizo nyota za mabegani. Tulikaa dawati moja miaka minne ya sekondari, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa njia. Muhula wa kwanza kabisa nilimshinda hisabati. Sikumshinda tena. Kuanzia hapo yeye alikuwa wa kwanza au wa pili, mimi nikawa wa kumi na ngapi sijui, na jioni baada ya vipindi alinibakiza darasani kunielekeza maswali yaliyonishinda. Angekuwa mtu wa majivuno ningemchukia nikapumzika. Lakini alinielekeza kwa uvumilivu, akafuta, akaanza upya, mpaka mwanga ulipopungua dirishani. Nilikuwa namshukuru kwa mdomo huku moyoni nikitamani akosee hata swali moja.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka yeye alichaguliwa kuendelea, mimi nikapata sifuri ya heshima, yaani alama za kutosha kusema nimemaliza shule. Baba yangu mdogo alikuwa na karakana ya kuchomelea Mabatini. Akanichukua. Nikajifunza kukata nondo, kupinda bomba, kuunga chuma pasipoonekana kiungo. Sikuichukia kazi hiyo hata siku moja. Miaka michache baadaye watu walikuwa wanatoka mbali kuulizia yule fundi mwembamba wa mageti, na mimi nikaanza kutembea nimenyoosha mgongo. Kisha Luteni akarudi likizo kutoka chuo cha kijeshi, na mgongo wake ulikuwa umenyooka kuliko wangu.

Mwaka huohuo alikuja karakana mwalimu mmoja wa kike. Alikuwa ametoka kwao Ukerewe, ameajiriwa shule ya msingi Butimba, amepanga nyumba ya vyumba viwili ambayo mlango wake wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa hadi ukawa kama andazi. Alitaka mlango wa chuma. Nilikwenda kupima. Nilipima mara moja, vipimo vikawa sahihi, nikapima tena.

"Fundi, kwani ukuta unasogea?" aliniuliza.

Nikasema nyumba za siku hizi haziaminiki. Akacheka. Nilimaliza wiki nzima kwenye mlango ambao ungetaka siku mbili. Nilipinda vipande vya chuma nikafanya ua moja katikati, lenye majani, kitu ambacho hakuniomba.

Luteni alikuwa nyumbani wiki hiyo. Nilimwambia, kwa kujifanya sijali, kwamba kuna mwalimu Butimba nampelekea mlango. Akasema hana kazi, atanisaidia kubeba. Tukaupakia kwenye kirikuu, tukaenda.

Kazi ya kusimika mlango humweka fundi magotini. Mimi nilikuwa chini nachimba ukuta, nachanganya saruji, natafuta usawa. Luteni alikuwa amesimama, ameushikilia mlango usianguke. Mwalimu naye alisimama. Wakazungumza juu ya kichwa changu. Luteni alimwuliza kama ni kweli Ukerewe mawe yanapangana yenyewe bila kuanguka. Mwalimu akasema yanapangana, lakini hayapendi kuangaliwa na wanajeshi. Nikasikia kicheko kile nilichokuwa nimekisikia mimi siku ya vipimo, ila safari hii kilikuwa kirefu.

Tulipomaliza mwalimu alituletea maji. Mimi nilipewa kwenye kikombe cha plastiki, Luteni alipewa kwenye glasi. Labda glasi ilikuwa moja tu ndani ya nyumba. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi.

Njiani kurudi Luteni aliniuliza, "Yule ndiye uliyekuwa unamsema?"

"Ndiye."

"Umeshamwambia kitu?"

"Nimwambie nini? Ni mteja."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Aliniuliza mara mbili. Siwezi kusema alininyang'anya. Kiburi changu ndicho kilichojibu, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kusikia kile kicheko, na nilijua nikisema nampenda halafu yeye akaacha, nitakuwa nimepewa kitu kwa hisani yake, kama zile hisabati.

Walioana mwaka uliofuata, kanisani, na mimi nikawa msimamizi wake. Nilivaa suti ya kukodi. Yeye alivaa sare, na nilipomtengenezea kola dakika moja kabla ya bibi harusi kuingia niliona mishipa ya shingo yake inapiga. Zawadi yangu ilikuwa kitanda cha chuma, futi tano kwa sita. Nilikitengeneza peke yangu, sikumruhusu mtu mwingine akiguse. Kichwani niliweka maua saba na mashina yake yamejipinda, miguuni matatu. Hakuna kiungo kilichoonekana. Nilisaga kila pembe mpaka ukipitisha kidole ni kama unapitisha kwenye shingo ya chupa. Watu walipokiona wakasema nampenda sana rafiki yangu. Nilitaka mwalimu, kila atakapolala na kila atakapoamka, aone ni mikono ya nani inayojua kazi.

Luteni alipelekwa Kongo, katika kikosi cha kulinda amani, mke wake akiwa na mimba ya miezi mitano. Mtoto wa kike alizaliwa yeye akiwa huko. Alimwona kwenye simu tu, picha inakatikakatika. Mtoto alikuwa hajaanza kukaa vizuri ziliporudi habari.

Nilikuwa karakana, asubuhi, nimevaa miwani ya kuchomelea, sikusikia simu. Mwalimu mkuu wa shule ya Butimba alipiga mara sita. Nilipofika shuleni nilikuta gari la jeshi limepaki chini ya mlingoti wa bendera. Ndani ya chumba cha walimu walikuwapo maofisa wawili na padri, wameshika kofia. Mwalimu alikuwa amekaa, chaki bado iko mkononi. Aliniangalia akasema, "Fundi, hawa wanasema amefariki. Wewe unasemaje?"

Kama vile mimi nilikuwa na kura. Nilipiga magoti pale, nikaichukua ile chaki, maana alikuwa ameibana mpaka imesagika vidoleni.

Nililia. Naomba isomwe hivyo ilivyo: nililia kwa uchungu, usingizi ukanitoka, chakula kikanishinda. Wivu ulirudi siku ya mazishi, saa ile askari walipopiga risasi hewani na umati wote, wakiwemo watu ambao hawakumjua, ukashtuka kwa pamoja. Nikawaza, hata kufa amekufa kunishinda. Nikifa mimi watakuja majirani na wateja wawili watatu, mmoja atauliza kama geti lake lilikuwa limeisha. Kisha bendera iliyofunika jeneza ikakunjwa, ofisa mmoja akatembea nayo kwa hatua zilizohesabiwa akamkabidhi mjane. Niliona jinsi alivyoipokea, na nikajua kwamba hakuna kitu nitakachokitengeneza maishani kitakachopokelewa hivyo.

Nilimwoa baada ya miaka minne. Sikukimbilia. Mwanzoni nilikuwa naenda kurekebisha vitu tu, komeo, koki, bati lililopeperuka. Mtoto alianza kunisubiri mlangoni. Siku nilipopata ujasiri, mwalimu alinijibu akiwa anasahihisha madaftari, bila kuinua kichwa: "Nitakubali, Fundi. Ila ujue kabisa siolewi nawe badala ya mtu. Hiyo nafasi haina badala." Nikasema nimeelewa. Nilidhani nimeelewa.

Alihamia kwangu na mtoto, na picha, na kitanda. Picha ya Luteni akiwa na sare ilitundikwa sebuleni, kwa ajili ya mtoto, na hilo sikulipinga. Kitanda nilijaribu kukipinga.

"Tutanunua kingine," nilisema.

"Cha nini? Hiki kina kasoro gani?"

Hakikuwa na kasoro. Nilikitengeneza mimi, nilijua. Kwa hiyo kikaingia chumbani, na mimi nikawa nalala kwenye kitanda nilichomtengenezea mwanamume mwingine ili alale na mke wangu. Nikigeuka naona yale maua. Mwalimu akinyamaza kidogo, nahesabu kwamba yuko naye. Akicheka peke yake, nasema amekumbuka neno lake. Mtoto akitembea mbele yetu na ule mwendo wa kurusha mguu wa kushoto kidogo, mwendo ambao hakufundishwa na mtu, nilijikuta nataka kumwambia tembea vizuri. Siku moja nilimwambia kweli. Aliniangalia kwa mshangao, miaka mitano, hajui amekosa nini.

Na watu nao hawakunisaidia. Tukienda harusini anatambulishwa: mke wa marehemu Luteni. Mimi nimesimama pembeni, nimeshika mkoba wake.

Mwanamume akigombana na mtu aliye hai, kuna siku atamwona amelewa, amezeeka, amesema upumbavu mbele za watu. Luteni hakunipa hata siku moja ya namna hiyo. Kwa hiyo nilipopata habari kwamba mwenzake mmoja wa kule Kongo anapita Mwanza na anaomba kuja kumwona mjane, nilifurahi kwa sababu mbaya. Nilitumaini atasema jambo. Labda Luteni alifanya kosa. Labda alikuwa na mwanamke kule. Nilitaka doa, hata dogo.

Alikuja Jumapili mchana. Sajini mstaafu, mfupi, anachechemea. Mke wangu alikuwa amepika sato wa nazi na ugali, na mtoto tulimpeleka kwa jirani. Yule mgeni alikula kwa adabu, akanawa, akaigeukia ile picha.

"Shemeji," akasema, "nilichelewa kuja. Nilikuwa natafuta namna ya kulisema."

"Liseme tu kaka," mke wangu akamwambia. "Nimeshakaa nalo miaka, haliwezi kuniua leo."

Sajini akasimulia. Asubuhi ile walipata amri ya kwenda kuwatoa wenzao waliozingirwa kwenye kambi ndogo ng'ambo ya mto. Mvua ilikuwa imenyesha, kila kitu matope. Luteni ndiye aliyekuwa anaongoza. Kabla ya kuondoka alimwita Sajini nyuma ya gari.

"Akaniambia, Sajini, nifunge kamba za buti. Nikadhani anatania. Nikamtazama mikono. Shemeji, mikono ilikuwa inatetemeka haishiki kitu. Akasema, vijana wasinione. Nikapiga magoti nikamfunga, huu, halafu huu. Akavuta pumzi, akanishukuru, akatoka mbele ya vijana akawaambia tunakwenda. Akatangulia yeye."

"Akatangulia," mke wangu akarudia.

"Alitangulia, shemeji. Wale waliozingirwa tuliwatoa. Yeye alipigwa tulipokuwa tunarudi, kwenye daraja. Hakuteseka. Hilo ndilo nililotaka ujue, na lile la kamba. Watu wa jeshi walikuandikia kwamba alikuwa shujaa asiye na hofu. Mimi nilikuwapo. Hofu alikuwa nayo."

Nikamwangalia mke wangu. Nilikuwa nimeomba doa na doa limekuja: alitetemeka, alishindwa kufunga viatu vyake mwenyewe. Mke wangu alikuwa analia, lakini uso wake ulikuwa umefunguka. Sikuwahi kuuona hivyo. Alikuwa kama mtu aliyerudishiwa kitu chake halisi baada ya kukaa miaka na sanamu yake. Akamshika yule Sajini mkono kwa mikono yote miwili.

"Asante," akasema. "Huyo ndiye. Huyo ndiye niliyekuwa namjua."

Ndipo nikaona nimekwisha. Miaka yote nilikuwa nashindana na mtu asiyeogopa, na mtu wa namna hiyo unaweza kumwambia moyoni kwamba yeye ni jiwe tu, hana sifa. Sasa nilikuwa nashindana na mtu aliyeogopa mpaka vidole vikamkataa, kisha akaenda. Huyo ningemshindaje? Mimi nilikuwa nimeogopa ndani ya kirikuu tu, nikasema ni mteja.

Jumatatu mke wangu alikwenda shuleni, mtoto naye. Nilitoa godoro nikaliegemeza ukutani. Nilikwenda karakana nikarudi na grenda. Nilifungua kitanda, nikatoa vipande uani, nikaanza kukata. Nilianza na maua. Cheche zilikuwa zinaruka mpaka kwenye kamba ya nguo, shuka moja likatoboka. Jirani alichungulia juu ya ukuta akauliza, "Fundi, kunguni?" Nikaitikia, kunguni. Nilikata mpaka hakuna kipande kilichozidi urefu wa mkono wangu. Nikaona nafuu kama nusu saa hivi.

Mwalimu alirudi saa tisa. Alipita uani, akaona rundo, akaingia chumbani, akatoka. Aliokota ua moja, akalipuliza vumbi.

"Kwa nini?" akauliza.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Nikasema, "Kilikuwa kitanda chake."

Akaniangalia kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyejibu swali ambalo halikuulizwa.

"Yeye alikichukia kitanda hiki," akasema. "Hujui? Alikuwa mrefu. Kila akija likizo miguu yake inagonga hayo maua ya chini, anaamka ana alama. Alitaka tukiuze. Nilimkatalia. Tuligombana kabisa, tena siku mbili kabla hajaondoka safari ile ya mwisho. Nilimwambia mtu aliyekitengeneza alikifanyia kazi kwa moyo, siwezi kukiuza kama ndoo." Akalirudisha lile ua juu ya rundo, taratibu. "Mimi ndiye niliyekipenda, Fundi. Ulikuwa umelala kwenye kitu chako."

Hakupiga kelele. Jioni ile alitandika godoro sakafuni kwenye chumba cha mtoto, wakalala huko wawili. Shule zilipofungwa akapanda meli na mtoto wakaenda Ukerewe kwa mama yake. Hakusema anarudi lini, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Nilikaa siku tisa katika nyumba ile. Siku ya kumi nikaenda Nyegezi kwa mama yake Luteni. Nilikuwa nimemkwepa tangu nimwoe mkwewe. Nilikuwa namtuma mke wangu na mtoto, mimi nasingizia kazi. Nilimkuta uani anakata viazi vitamu vya kukausha, michembe, kisu kinakwenda bila yeye kukitazama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umepotea."

Nikakaa kwenye kigoda, na bila yeye kuniuliza nikamwambia yote. Mlango, glasi, kitanda, Sajini, grenda. Nilimwambia kwamba nilimwonea wivu mwanawe alipokuwa hai, na kwamba sasa namwonea wivu zaidi. Nilitegemea anifukuze. Yeye akaendelea kukata viazi.

"Siku ile bendera walimpa nani?" akauliza.

"Mke wake, mama."

"Mimi nilikaa kiti cha pili. Nimembeba mgongoni kwenda kulima, nimemuuguza surua, nimeuza ng'ombe asome. Huyu amekaa naye miaka miwili, tena ya likizo likizo. Wakampa yeye." Kisu kikasimama. "Nilimchukia mkamwana wangu mwaka mzima. Akija kunisalimia naitikia, moyoni nasema, nipe bendera yangu."

"Na sasa je?"

"Sasa nakuonea wivu wewe. Mtoto wa mwanangu anakuita baba. Nikimsikia anakuita kwenye simu natoka nje." Akanitazama moja kwa moja, macho makavu. "Ulidhani uko peke yako kwenye hili? Basi usinitazame hivyo, siwezi kukupoza, na mimi naungua. Uzio wa kaburi umeoza. Ulitengenezwa na mtu asiyejua kazi. Kalete mashine."

Nikaleta mashine. Nilifanya kazi pale siku mbili. Ulikuwa uzio wa bomba nyembamba, kutu imeula chini kabisa unapogusana na saruji. Niliukata wote nikasimamisha mpya, chuma kizito, nikapaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, nikasubiri ikauke, nikapaka ya tatu. Mama yake alinipikia mchana, tukala pamoja. Mchana wa siku ya pili nikiwa nimechuchumaa peke yangu napaka upande wa kichwani, niliona inanilazimu kusema kitu. Nikasema, "Nimekikata kile kitanda. Kumbe hata wewe hukukitaka." Nikajisikia mpumbavu, nikacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Nilikuwa na hamu naye. Katika miaka yote ya kumwonea wivu sikuwa nimepata nafasi ya kuwa na hamu naye.

Wivu haukuisha pale. Ningependa kuandika hivyo lakini si kweli. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua chache kutazama kazi, nikajikuta nawaza: hata kaburi lake sasa ni zuri kuliko la baba yangu.

Mke wangu alirudi wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Nilikwenda bandarini kuwapokea. Mtoto alishuka akikimbia. Mama yake alikuja nyuma na kikapu, akanitazama kuanzia juu hadi chini.

"Umekonda," akasema.

"Kidogo."

"Mama wa Nyegezi alinipigia. Ameniambia kuhusu uzio." Akanikabidhi kikapu. "Amesema umejaza rangi hadi kwenye maua yake."

Tulilala sakafuni mpaka mwisho wa Agosti. Ilikuwa adhabu na nilistahili. Halafu siku moja, akiwa anapiga pasi, akasema mgongo unamwuma.

"Nitengeneze kingine?" nikauliza.

"Tengeneza. Pima urefu wako wewe, usipime wa mtu mwingine."

Nilikitengeneza. Si kizuri kama kile cha kwanza. Sijui kwa nini, mikono ni ileile.

Binti sasa ana miaka tisa, na mwaka huu amekuwa na maswali. Alitoka shuleni wiki iliyopita, wameambiwa waandike habari za mtu wa familia yao. Alimwendea mama yake, akapata ya harusi, ya sare, ya Kongo. Akaja kwangu nikiwa nimekaa kibarazani nanoa patasi.

"Baba, baba Luteni alipokuwa mdogo alikuwaje?"

Nikataka kumwambia nina kazi. Kisha nikafikiri: nani mwingine katika nyumba hii anayejua? Nikamwambia kwamba mwalimu wetu mmoja alikuwa anafuga bata mzinga, na kwamba baba yake, huyu wa kwenye picha, alikuwa anamwogopa dume la bata mzinga kuliko viboko. Alikuwa anazunguka nyuma ya maabara, anapita kwenye michongoma, anachelewa kipindi, anaadhibiwa, na hasemi sababu. Siku moja yule bata alimfuata mpaka darasani, katikati ya somo la jiografia, naye akapanda juu ya dawati letu na viatu vyake. Mimi ndiye niliyemtoa yule bata, kwa kumrushia sweta. Luteni aliniapisha nisimwambie mtu yeyote, na sikumwambia mtu.

Binti alicheka mpaka akakaa chini. "Halafu? Halafu?" Nikampa nyingine, na nyingine. Nilikuwa nazo nyingi, sikuwa nimejua ni nyingi kiasi hicho.

Nilipoinua macho nikamwona mke wangu amesimama mlangoni na taulo la jikoni begani. Hakuwa anacheka. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani.

"Hizo hakuwahi kunisimulia," akasema.

"Alikuwa anaona aibu."

"Wewe ulizijua. Miaka yote hii ulizijua." Sauti yake ilikuwa na ncha, ncha ambayo mimi naifahamu vizuri kuliko mtu yeyote. Aliketi kwenye ngazi, mbali nasi kidogo, akamvuta binti akamkalisha kati ya magoti yake.

"Endelea," akaniambia. "Anza na ile ya bata. Mwanzo sikuusikia."